Sikio Litangulie Kalamu

Ndugu msomaji, katika mji wa Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, upo mtaa uitwao Juba Na Bari. Mswahili akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huwa hana shaka hata kidogo: hapo pana vitu viwili, Juba na Bari, kama tusemavyo chai na mkate. Lakini wenyeji wa nchi ile ni Wabari, na katika lugha yao neno "na" halijumlishi vitu, bali hueleza kitu ni cha nani. Lugha yenyewe huitwa "kutuk na Bari", yaani kinywa cha Wabari. Kwa sikio la Kibari, basi, jina la mtaa ule ni Juba ya Wabari. Ni silabi moja tu, tena nyepesi, na tayari mgeni amekwisha potea kabla hajaufikia mlango wa mwenyeji wake.

Nimeanza na jina hilo kwa sababu nyumba zetu, nyumba za askari, ni nyumba za kuhama. Amri ya uhamisho inapokuja, mama hufunga masufuria na magodoro, baba hukunja sare, na mwerevu mmoja hununua kijitabu cha maneno ya lugha ya kule waendako. Siku ya kufika hukifungua kijitabu na kuanza kusema. Husema sana. Anapojibiwa hasikii kitu, kwa kuwa kijitabu kimefunza macho yake na ulimi wake, bali masikio yake yamebaki kule alikotoka.

LUGHA ILIYOZALIWA KAMBINI

Yafaa tukumbuke kwamba lugha inayosikika zaidi katika mitaa na masoko ya Juba, yaani Kiarabu cha Juba, haikuzaliwa darasani. Misafara ya watawala wa Kituruki na Kimisri ilifika Gondokoro, katika nchi ya Wabari, mwaka 1841. Baada yao walikuja wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, wakajenga kambi zenye maboma. Katika kambi hizo walikusanywa watu wa makabila mengi, aghalabu kwa nguvu, wakafanywa askari, wapagazi na watumishi. Hawakupewa kitabu wala mwalimu. Waliisikia amri, wakatazama inatendwaje, wakaitii, kisha wakaisema wao wenyewe. Zile sauti za kooni ambazo masikio yao hayakuzizoea ziliachwa njiani, na ikatokea lugha mpya yenye taratibu zake.

Baadhi ya askari wa eneo hilo, waliokuwa chini ya Emin Pasha, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 na kuingizwa Uganda. Wengi wa kundi hilo waliingia baadaye katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na humo wakakikuta Kiswahili, nacho wakakipata kwa sikio vilevile. Kizazi chao, Wanubi wa Bombo huko Uganda na wa Kibera mjini Nairobi, wangali na lugha yao ya Kinubi, ambayo ni ndugu wa karibu wa Kiarabu cha Juba. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba askari hawezi kujifunza lugha bila shule. Askari wa kale walijifunza, tena wakaacha urithi wa lugha nzima.

"ANA DUGU"

Hata hivyo, kusikia kuna mitego, na mtego mbaya kuliko yote ni neno linalofanana na la kwetu. Mswahili akisimama sokoni Juba husikia "sukar", "sabun" na "kitab", akafurahi na kudhani yuko nyumbani. Furaha hiyo ndiyo impotezayo. Katika Kiarabu cha Juba "ita" maana yake ni wewe, wala si amri ya kumwita mtu. Na "ana" maana yake ni mimi, wala si yeye mwenye kitu.

Sasa tuchukue mfano wa askari wa zamu katika kituo kilicho karibu na kambi ya wakimbizi, tuseme kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako watu wa Sudan Kusini wamekuwa wakipokewa tangu mwaka 1992. Usiku anaingia kijana mwenye jeraha kichwani. Anasema maneno mawili tu: "Ana dugu."

Ikiwa mkazo ameuweka mwanzoni, dúgu, amesema kwamba yeye alipiga. Ikiwa mkazo ameuweka mwishoni, dugú, amesema kwamba yeye alipigwa. Hakuna herufi inayoongezeka wala inayopungua. Alama ya mkazo nimeiweka mimi ili msomaji aone. Tofauti yote kati ya mlalamikaji na mtuhumiwa imo katika pumzi moja ya sauti.

Kwa bahati mbaya Mswahili ndiye mwepesi wa kukosea hapo. Kiswahili chetu huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu limezoea hivyo tangu utotoni. Yapo maneno machache yanayotukumbusha kwamba mkazo una kazi: mtu apitaye katika barabára si sawa na mtu afanyaye kazi barábara. Lakini machache hayo hayatoshi kulinoa sikio. Kijana akisema dugú, sisi hulivuta neno kwenye mazoea yetu, tukasikia dúgu, na pengine tukadhani ametuita ndugu. Kalamu ikitangulia sikio, kitabu cha matukio kitaandikwa kwamba kijana amekiri. Jeraha lake litahesabiwa kuwa ni la mtu aliyeanza ugomvi. Atalala mahabusu, na aliyempiga atalala kwake.

Ni kweli kwamba maneno yatakayofuata, jeraha lenyewe na mkalimani akiwapo, huweza kusahihisha kosa hilo. Lakini askari mwenye haraka hangoji maneno yatakayofuata.

JINSI SIKIO LINAVYOFUNZWA

Wataalamu wa malezi na wa lugha wametueleza kwa nini jambo hili ni gumu. Mtoto mchanga huweza kupambanua sauti nyingi za lugha asizowahi kuzisikia. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kushikamana na sauti za nyumbani kwao na kuzipuuza za ugenini. Sisi watu wazima tunasikiliza lugha ya kigeni kwa sikio lililokwisha kufunga milango, na kazi ya mazoezi ni kuifungua tena.

Milango hiyo hufunguka. Mwaka 1991, watafiti watatu wa Marekani, Logan, Lively na Pisoni, walieleza jinsi walivyowafunza Wajapani kutofautisha sauti za "r" na "l" za Kiingereza. Waliwasikilizisha maneno mengi yaliyosemwa na watu mbalimbali, na kila walipokosea waliambiwa papo hapo. Masikio yakatengenea. Tusiwacheke Wajapani, maana hata katika nchi zetu wapo ndugu zetu wengi ambao kwao kupiga kura na kula ni shughuli moja. Funzo la kuzingatia ni kwamba sauti ya mwalimu mmoja haitoshi. Mtu ausikie mkazo kwa mzee, kwa mwanamke, kwa mtoto na kwa mlevi, ndipo atakapoutambua kwa mtu aliyejeruhiwa usiku.

Funzo la pili linawahusu akina mama na akina baba wanaomweka mtoto mbele ya televisheni wakitumaini atajifunza lugha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha habari za watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina katika vikao 12. Waliokaa na mtu akiwasomea na kucheza nao walizishika sauti za Kichina. Wale waliotazama au kusikiliza kanda hawakuzishika. Kwa mtoto mchanga, basi, jirani mwenye kumbeba na kumsemesha anafaa kuliko mashine.

Funzo la tatu askari analijua tangu siku yake ya kwanza kambini. Kuruta haanzi kwa kueleza, huanza kwa kusikia "Mguu sawa!" na "Nyuma geuka!", na mwili wake hujibu kabla ya mdomo. Katika miaka ya 1960 James Asher wa California alifundisha Kijapani na Kirusi kwa njia hiyohiyo: mwanafunzi alisikiliza amri na kuitenda, bila kulazimishwa kusema. Kumbe uwanja wa gwaride ulikuwa darasa la lugha, nasi tulidhani ni wa jasho tu.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Kwa familia iliyofika ugenini, nashauri mambo haya. Kwanza, itengeni nusu saa ya redio kila siku. Aliye Juba anayo Redio Miraya, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2006, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha Juba. Siku za mwanzo msitake kuelewa yote. Hesabuni tarakimu na majina ya miji mliyoyashika. Baada ya hapo sikilizeni nani alimtenda nani. Msiandike neno lolote mpaka taarifa iishe.

Pili, mwende sokoni kusikiliza kabla ya kwenda kununua. Katika soko la Konyokonyo bei hutajwa mara nyingi kwa sauti nyingi, na muuzaji huinua bidhaa mkononi huku akiitaja. Ni mwalimu gani mwingine atakayerudia somo moja mara mia kwa siku bila malipo?

Tatu, rudieni mlichosikia. Askari wa mawasiliano akipokea ujumbe huurudia kwa aliyeutuma ili makosa yagunduliwe mapema. Desturi hiyo iingie sebuleni, na hasa iingie kituoni. Kabla ya kuandika, mwulize mtu: "Wewe ulipiga, au wewe ulipigwa?" Mwache aoneshe kwa mkono.

Nne, msimharakishe mtoto. Mtoto aliyehamia shule mpya huweza kunyamaza wiki nyingi, pengine miezi, na mwalimu akadhani ni mzito wa akili. Mara nyingi mtoto huyo yumo kazini: anakusanya. Akirudi jioni na neno jipya alilolipata mchezoni, baba mwenye nyota mabegani asione haya kumwuliza linatamkwaje. Katika jambo hili mtoto ndiye mkufunzi, na baba ndiye kuruta.

Mwisho, tukumbuke kwamba sisi nasi tunasikilizwa. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mkataba wa Jumuiya unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2023 askari wa Sudan Kusini walifika Goma wakiwa katika kikosi cha Jumuiya, wakawa miongoni mwa raia wanaosema Kiswahili, hadi kikosi hicho kilipoondoka mwezi Desemba mwaka huohuo. Fikiria askari wa Juba akisikia raia akipiga kelele, "Ana bunduki!" Kwa lugha yake, "ana" ni mimi. Je, raia ameonya juu ya mtu mwingine, au amejitangaza mwenyewe? Bunduki iko mkononi mwa msikilizaji, na nukta chache za kusikiliza vizuri huweza kuwa ndizo maisha ya mtu.

Kwa hiyo mgeni anayekisema Kiswahili chetu kwa kusitasita tusimcheke wala tusimkatize. Tumwambie polepole, tumrudie, tumwache asikie. Wabari wameiita lugha yao kinywa, na sisi twasema mtu mstaarabu ana kauli njema. Lakini hakuna kinywa kilichopata kujifunza kitu pasipo sikio kutangulia.

Usiku wa leo, ndugu msomaji, ukiwa zamu na mtu akakujia na maneno usiyoyajua, iweke kalamu mezani kwanza. Mwambie aseme tena.