KALAMU YA BWANA SHAMBA: Mzee Anayesahau Si Mchawi



Mwezi huu sizungumzi juu ya mbolea. Nazungumza juu ya wazee wetu.

Katika kijiji kimoja ninachohudumia, mzee mmoja alikutwa alfajiri katika shamba la jirani. Alikuwa peke yake, jembe mkononi. Watu wakapiga yowe: "Mchawi!" Wengine wakaja na fimbo. Bahati njema, binti yake aliwahi kufika. Akasema, "Jamani, hapa ndipo palipokuwa na nyumba yake kabla ya watu kuhamia kijijini mwaka 1974." Mzee hakuwa anawanga. Alikuwa anarudi kwake.

Ndugu, huo ni ugonjwa wa kusahau. Unaharibu ubongo pole pole. Mgonjwa husahau ya leo, akakumbuka ya zamani. Huuliza neno moja mara nyingi. Hupotea njia. Hauletwi na uchawi wala laana. Hauambukizi. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu waliwapima wazee wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika kila wazee 100, 6 hivi walikuwa nao.

Ufanye nini?

Kwanza, mpeleke zahanati. Malaria, maradhi ya mkojo au kukosa maji mwilini huweza kumchanganya mzee ghafla, na hayo hutibika. Ugonjwa wenyewe wa kusahau bado hauna dawa ya kuuponya.

Pili, ale, aoge na alale saa zile zile kila siku.

Tatu, usibishane naye. Akikuita kwa jina la marehemu ndugu yake, itika.

Nne, mpe kazi ndogo, kama kupukuchua mahindi.

Tano, funika kisima, linda moto, ficha panga na dawa za kuulia wadudu.

Sita, pokezaneni zamu. Mara nyingi mzigo wote huachiwa mke wa mwana. Hakuna mtu anayechunga ng'ombe peke yake usiku na mchana.

Je, kama mzee hana mtu? Yapo makao ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto kule Shinyanga. Hayakuwekwa ili watu watupe wazazi. Sera ya Taifa ya Wazee inaitaka familia imtunze mzee. Makao ni hatua ya mwisho. Anza kwa Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Yeye atakuelekeza kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, ambaye atachunguza kama kweli mzee hana ndugu wa kumtunza. Akipelekwa, nendeni kumtazama.

Mzee yule sasa ana kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Kila asubuhi binti yake humpa jembe. Hulima pale pale alipolima jana. Mimi bwana shamba najua hapataota kitu. Lakini sasa hatoki usiku.

Je, katika kitongoji chenu yuko mzee wa namna hii? Nani yuko naye sasa hivi?