MWENZETU ASIYEWEZA KUMEZA



Katika nyumba zetu za Kaloleni, Maringo, Jericho na Mbotela, mgeni akiingia hupewa chai na mkate, na mwenye nyumba hula pamoja naye. Basi mfikirieni mtu ambaye mkate haupiti tena. Mwanzo husingizia meno. Baadaye hutafuna nyama na kuitema kwa siri. Mwishowe hukataa kukaa na watu wakila, nao husema ana kiburi, au amerogwa.

Tumemwona mwenzetu wa namna hiyo. Alipokwenda hospitali aliambiwa ni saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula toka kooni hata tumboni. Ni mojawapo ya saratani zinazoua watu wengi katika Kenya. Tumbako na pombe huichochea. Na mwaka 2016 idara ya saratani ya Shirika la Afya Ulimwenguni ilisema kuwa vinywaji vya moto kupita digrii 65 yaelekea huileta pia. Chai na ipoe kidogo. Na chakula kikianza kukukwama, usingoje. Nenda hospitali juma hilo hilo.

Lakini leo twataka kusema habari za moyo, siyo za koo peke yake. Mtu aliyezoea kulisha watoto wake sasa analishwa uji. Usiku halali. Hataki kuonana na rafiki, naye asema afadhali afe kuliko kuwa mzigo. Watu humwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Hilo si shauri. Huzuni hii ni ugonjwa juu ya ugonjwa, nao una matibabu yake: mazungumzo na mshauri, na dawa pia. Amwambie daktari, ama sisi tumsaidie kumwambia. Marehemu Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, alitangaza mbele ya watu wote mwaka 2019 kuwa ana saratani ya utumbo mpana. Alifariki Julai mwaka huo huo, lakini hakuuficha ugonjwa wake kama kwamba ni aibu.

Sasa neno kwa matajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Matibabu ya saratani hayamaliziki kwa siku 14. Siku ya 15 mgonjwa huanza kuwaza kodi ya nyumba, na huzuni huzidi. Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yaongeze siku hizo. Tena sheria hiyo yasema mtu asiachishwe kazi kwa kukosa nguvu za mwili kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo. Mgonjwa asitie sahihi karatasi yo yote peke yake. Aje ofisini kwetu kwanza.

Twaomba kila tawi lichague watu wawili wa kumtembelea mgonjwa. Wasiende kumhubiria, wakae naye, na siku ya matibabu wafuatane naye hospitali. Mchango wa mazishi hatujapata kuukosa. Kwa nini basi tumkose mtu wa kukaa na mwenzetu angali hai?

Umoja ni nguvu.