Bukavu: Ndizi zilizoiva sana zisitupwe, zifanywe biskuti

Jioni katika soko la Kadutu, wamama wachuuzi hushusha bei ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na zinazobaki huishia kwenye takataka. Hasara hiyo inaepukika. Ndizi yenye ganda jeusi ndiyo tamu zaidi, kwani wanga wake umegeuka sukari. Ikipondwa na kuchanganywa na unga wa ngano, mafuta na chumvi kidogo, inatoa biskuti laini bila yai, hata bila sukari. Tanuri si lazima: sufuria kavu yenye kifuniko, makala machache chini, mengi juu. Lakini watoto wananunuliwa biskuti ngumu kutoka ng'ambo, huku ndizi za Kalehe na Idjwi zikioza. Vyama vya wamama vianze, hata na sufuria moja.