Injini ya Cruiser kwa Landi ya guka? Uliza bei ya difu kwanza

Manze, Series III ya guka ni moto kwa picha, lakini petroli yake ya lita 2.25 ikiona mlima inaanza kuomba msamaha. Fundi anakushow uweke 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2. Ngoja kwanza.

Silinda sita ni ndefu, so rejeta lazima isongee. Hiyo ndiyo shida ndogo. Kubwa iko kwa giaboksi: bati la kuunganisha likikosa senta kidogo tu, beringi inalia na klachi inakwisha mapema. Ukileta giaboksi ya Toyota pia, propela shafti zinakatwa na kubalansiwa upya.

Difu ndiyo wasee husahau. Ni 4.7, yaani propela shafti inazunguka karibu mara 5 ndio tairi izunguke mara moja. Dizeli haitaki kukimbizwa hivyo. Ukigusa 100 kwa highway, inapiga kelele ka posho mill. Na kwa Landi fupi, haf-shafti za nyuma ndizo hukatika kwanza. Zilitengenezewa nguvu ya ile petroli.

Ikishaingia, peleka namba mpya NTSA ibadilishwe kwa logbook. Siku ya kuuza, hapo ndipo mnunuzi ataangalia kwanza.