Mahali pa Kubuni

Yapo maneno ambayo sisi walimu wa insha tumeyarudia hata wanafunzi wakayaamini, nayo yamefanya hasara kubwa. Tumewaambia kwamba hadithi ni jambo la kubuni, na kwamba mwenye ubunifu hana haja ya kwenda popote. Nayapinga maneno hayo, msomaji, na nayapinga kama mtu aliyekwisha kuumbuliwa nayo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chuoni niliandika hadithi fupi ambayo mambo yake yalitendeka katika nchi kavu, kaskazini mashariki mwa Kenya. Sikuwa nimefika huko. Nilitia vilima vya mchanga kama vile vya picha za Misri. Nikamfanya mume ajenge nyumba, mke akiwa ameketi kivulini. Nikawapeleka ngamia kunywa maji asubuhi na jioni kama ng'ombe wa maziwa. Nilipoisoma darasani, mwanachuo mmoja aliyezaliwa Habaswein alisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, watu hawa ni wa wapi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa na jibu.

Baada ya miaka miwili, kazi ya kukagua mazoezi ya ualimu ilinipeleka Habaswein yenyewe. Mji huo umo kusini mwa Wajir, katika njia itokayo Garissa, na jina lake kwa Kisomali ni habari ya vumbi jingi. Vumbi nililiona, lakini halikuwa mchanga wa Misri. Lilikuwa unga mwembamba, wenye kuingia ndani ya saa ya mkononi na kati ya kurasa za daftari. Niliona migunga, na ngamia waliokaa siku nyingi bila ya kuonja maji. Zaidi ya yote niliona wanawake wa wafugaji wakipinda fito na kuzifunika kwa mikeka. Siku ya kuhama, nyumba hiyo hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Mke ndiye mjenzi, naye ndiye mwenye nyumba. Fikiri, msomaji, ugomvi wa mume na mke katika nchi ambamo mke aweza kuondoka na nyumba yake mgongoni mwa ngamia! Hadithi yangu ilikuwa na ugomvi wa namna hiyo, nami niliumaliza kwa mume kumfukuza mke nyumbani. Kosa langu, basi, halikuwa la mapambo tu. Lilikuwa katika uti wa mgongo wa kisa.

Nilisimuliwa pia habari za kinamasi cha Lorian, kilicho karibu na mji ule. Mto Ewaso Ng'iro hushuka kutoka miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita nchi ya Wasamburu, hata ukafika Lorian ukatawanyika na kunywewa na ardhi. Mvua zikizidi, maji huendelea mashariki kwa mkondo wa Lagh Dera. Zikipungua, mto haufiki kabisa. Nani angebuni mto unaoanzia penye theluji ukaishia vumbini? Mtoto wa Habaswein anayo habari hiyo mlangoni pake, na bado daftari nilizozisoma katika shule moja ya upande ule zilijaa theluji ya London.

Simlaumu mtoto. Nawalaumu waliompa vitabu ambavyo ndani yake nchi yake ama haipo, ama ipo kwa uvumi. Tangu Desemba 1963 mpaka 1991 nchi ile ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Kuingia na kutoka kulikuwa kwa taabu, na Wakenya wengine wakaijua kwa kusikia: jangwa, bunduki, njaa. Mwandishi anayebuni mahali pale kwa uvumi huo haongezi sanaa yoyote. Anarudia shtaka dhidi ya watu wasiokuwapo kujitetea.

Utanijibu kwamba Shaaban Robert, katika kitabu chake cha 1951, aliiweka nchi ya Kusadikika hewani. Ndiyo, lakini alikuwa karani wa serikali ya kikoloni miaka mingi. Mashtaka na hukumu za nchi ile hakuzitoa hewani. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na mwaka 1971 akaandika Rosa Mistika juu ya watu wa kisiwa hicho hicho bila ya kuficha jina lake. Ngugi wa Thiong'o alibuni kijiji cha Ilmorog katika riwaya yake ya 1977, lakini ukame wa Ilmorog ni ukame ambao mfugaji yeyote anautambua. Kwa hiyo sikukatazi kubadili jina la mji. Liite utakavyo, uhamishe soko, uongeze msikiti. Umbali wa maji usiuguse, wala kazi ya mikono ya watu.

Hadithi yangu niliiandika upya, na mke akaondoka na nyumba yake. Nilimpelekea yule mwanachuo, ambaye sasa ni mwalimu kwao. Aliirudisha na sahihisho moja. Nilikuwa nimemkaribisha mgeni kwa maziwa ya mbuzi katikati ya jilaal, kiangazi kikali kuliko vyote. "Mpe ya ngamia," aliandika pembeni. "Mbuzi wetu wakati huo hawana."