Kiki ya Mzee na Breki ya Kijana

Ndugu msomaji, chini ya mwembe mmoja karibu na stesheni ya reli ya Igalula, mahali ambapo mafundi wa pikipiki hutandika magunia na kupanga spana zao kila asubuhi, umezuka ubishi usiokwisha. Wabishi wenyewe ni baba na mwanawe. Baba ni bwana shamba mstaafu. Tangu miaka ya 1980 amezunguka mashamba ya tumbaku juu ya pikipiki moja ya Kijapani, na pikipiki hiyo anayo hadi leo. Mwana ni dereva wa bodaboda. Aliweka akiba kidogo kidogo, akauza na magunia kadhaa ya mpunga, akanunua pikipiki mpya.

Ukizitazama kwa mbali pikipiki hizo mbili utadhani ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina taa ya duara, tenki la mviringo, kiti kirefu kilicho bapa, na bomba la moshi linalong'aa. Watengenezaji wanajua kwamba jicho la mwanadamu hupenda sura lililoizoea. Lakini ukisogea karibu utaona mengine. Ile mpya haina kiki. Huwashwa kwa kubonyeza kitufe. Haina kabureta, mafuta hunyunyizwa ndani ya injini kwa amri ya kompyuta ndogo. Magurudumu yake ni ya chuma cha kumimina, hayana spoku. Na gurudumu la mbele lina breki ya diski.

Mzee aliizunguka mara mbili siku ilipoletwa, kisha akasema, "Hii imevaa nguo zangu, lakini si ndugu yangu." Tangu siku hiyo hajaipanda.

Tungeweza kucheka na kuyaacha hayo, kama si mambo mawili yaliyotokea masika yaliyopita. Usiku mmoja kijana alimpeleka mtoto wake mgonjwa kwenye zahanati. Wakati wa kurudi alibonyeza kitufe, chombo kikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha. Kiki hakuna, kusukuma hakukusaidia, kwa sababu pampu ya mafuta na kompyuta yake haziamki bila umeme. Kijana na mkewe waliikokota pikipiki katika tope, mtoto akiwa mgongoni, mpaka mzee alipofuata na chombo chake cha zamani, ambacho kiliwaka kwa kiki ya pili. Kwa juma zima mzee hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akitabasamu tu.

Tabasamu hilo halikudumu. Siku chache baadaye alikuwa amempakia mjukuu wake mwingine, wakavuka kijito kilichojaa. Maji yaliingia ndani ya breki zake za kizamani. Walipopanda ng'ambo, ndama akakatiza njia. Mzee alikanyaga breki, breki ikateleza, wakaanguka. Mzee alichubuka tu, lakini mjukuu alivunjika mkono.

Sasa kila mmoja ana hoja, na kila hoja ina mtoto ndani yake. Walipokuwa wakitupiana maneno hapo chini ya mwembe, bibi wa watoto hao aliwakatiza: "Ninyi mnabishana juu ya chuma. Tunaokaa nyuma ni sisi."

Ubishi wa namna hii haukuanzia Igalula. Kule Uingereza, kampuni ya Triumph ilifufua pikipiki yake ya Bonneville, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Ile iliyofufuliwa mwaka 2001 ilikuwa na kabureta. Mwaka 2008 walipoleta mfumo wa kunyunyiza mafuta, waliuficha ndani ya chuma chenye umbo la kabureta, ili wakongwe wasikwazike. Mwaka 2016 zikaja injini zinazopozwa kwa maji, lakini yale mapezi ya kupozea kwa upepo hayakuondolewa. Nchini India nako, Royal Enfield Bullet zilianza kuunganishwa mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai, mwaka 1955. Kwa miaka mingi gia yake ilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Gia ilipohamishwa kushoto na injini ikabadilishwa, wapenzi wake walilalamika kwamba ule mlio mzito, uliomtambulisha mwenye chombo kabla hajaonekana, umepotea.

Lakini yafaa tutofautishe. Kwa wengi wa waungwana wa Ulaya, pikipiki ya sura ya kale ni ya matembezi ya siku ya mapumziko. Ikizimika, huita gari la kuibeba. Kwetu sisi pikipiki ni gunia la mahindi, ni debe la asali, ni mama mjamzito anayepelekwa kujifungua. Kwa hiyo swali la mzee halikuwa la mapenzi ya sura tu. Alikuwa akiuliza: chombo hiki kikifa porini, nani atakifufua?

Swali hilo ni la haki, na waliowahi kulijibu vizuri ni wahandisi wenyewe. Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, ilibuniwa kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako chombo hubeba mzigo mzito na hupata matunzo haba. Wakati pikipiki nyingi za kampuni hiyo zilikuwa na injini ya kisasa zaidi, wao kwa makusudi waliipa hii mfumo wa zamani wa fito za kusukuma vali, kwa sababu ulistahimili zaidi mtu anayesahau kubadilisha oili. Cheni yake waliifunika isiingie vumbi. Usahili huo haukuwa upungufu wa elimu. Ulikuwa ndiyo elimu yenyewe. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na leo kizazi chake kinabeba abiria katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki.

Basi tuyapime mabadiliko moja baada ya jingine, tusiyakubali wala kuyakataa kwa jumla.

Kwanza, breki. Breki ya ndani ya ngoma ikiingia maji hukosa nguvu mpaka ikauke. Diski iko nje. Pedi huifuta maji kwa mzunguko michache tu, na joto lake hutoka upesi. Mzee anasema diski ya mbele humwangusha mtu kwenye mchanga, na anasema kweli, ikiwa dereva ataibana kwa pupa. Lakini dawa ya hilo ni kujifunza kuibana taratibu. Nchini India, tangu mwaka 2019, kila pikipiki mpya inayouzwa lazima iwe na mfumo wa kuzuia gurudumu lisikwame ghafla, au, kwa injini ndogo, breki zilizounganishwa ili mbele na nyuma zifanye kazi pamoja. Katika jambo hili mzee hana budi kushindwa.

Pili, namna ya kuwasha. Kitufe ni kizuri, hasa kwa mama au kwa mtu mwenye goti bovu. Lakini kitufe bila kiki ni mlango mmoja katika nyumba inayoweza kuwaka moto. Ziko pikipiki zenye vyote viwili. Katika jambo hili kijana ndiye hana budi kushindwa.

Tatu, mafuta. Mfumo wa kunyunyiza hupunguza matumizi ya petroli na moshi, na asubuhi ya baridi injini haisumbui. Lakini hutaka petroli safi na betri nzima. Petroli yetu mara nyingi hununuliwa ndani ya chupa za maji kando ya barabara, ikiwa na vumbi na pengine matone ya maji. Kabureta ikiziba, fundi huifungua kwa bisibisi na kuipuliza. Kinyunyizio kikiziba, huhitaji vifaa ambavyo hapo mwembeni havipo. Atakayenunua mfumo huo ajue kwanza fundi wake yuko wapi, ajue na bei ya nauli ya kumfikia.

Nne, magurudumu. Spoku ikikatika hubadilishwa hiyo moja, na rimu iliyopinda hunyooshwa. Gurudumu la kumimina likipasuka kwa shimo la barabara na mzigo wa magunia mawili, hununuliwa jipya.

Igalula imo katika nchi ile ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tura, Rubuga na Kigwa, hadi Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita humu na mizigo ya kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mabegani. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na kazi ile ya mabega ikafifia. Nchi hii haijawahi kuogopa chombo kipya. Lakini mpagazi aliujua mzigo wake: aliufunga mwenyewe, na kamba ikikatika njiani aliunga mwenyewe. Ujuzi huo ndio mzee anaoutetea, ingawa anautetea kwa jina la kiki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla familia haijatoa akiba yake kununua pikipiki, ikae kitako, akina mama wakiwamo, kwani wao na watoto ndio wakaao nyuma. Yaulizwe mambo matatu. Je, itasimama kwa wakati, hata ikilowa? Je, itawaka betri ikifa? Je, fundi wetu anaweza kuifungua na kuifunga? Sura, rangi na mlio vije baadaye. Na hata hiyo diski haitamwokoa mtu aliyepakia abiria watatu kwa mtindo wa "mishikaki" bila kofia ngumu.

Juma lililopita nilipita tena hapo mwembeni. Kijana alikuwa amechuchumaa, baba yake akimwonyesha namna ya kupima betri na kusafisha vichwa vyake kabla havijaota kutu. Walipomaliza, mzee alimwendea fundi pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama diski ingeweza kufungwa kwenye gurudumu lake la mbele. Fundi akamweleza kwamba ingebidi kubadili mikono ya mbele pamoja na kitovu cha gurudumu.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza bei.

Hadi Jumapili ijayo.