Pua ya polisi si maabara



Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, sheria si fani yangu. Lakini hili la ushahidi wa kesi za gongo na chang'aa linagusa kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Sote tunaujua ushahidi wenyewe: askari kavamia kibanda, kamkamata mama muuzaji na dumu lake, kisha anamwambia hakimu, "Nilinusa nikajua ni gongo." Basi, imetosha?

Pua inaweza kutambua kwamba hii ni pombe. Haiwezi kutenganisha ethanoli inayolewesha na methanoli inayopofusha na kuua. Mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, inayoharibu neva ya jicho. Dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima, hivyo mnywaji naye anaweza kuapa kwa dhati kwamba pombe ilikuwa safi, na jioni yake haoni. Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa hajui alichokishika.

Na huyo dumu analala wapi kabla ya kesi? Februari 2024, huko Kirinyaga, Kenya, watu 17 walikufa kwa pombe ambayo serikali yenyewe ilisema ilikuwa kielelezo kilichotolewa kituo cha polisi cha Kiamaciri. Yaani ushahidi uligeuka bidhaa!

Wodini, chupa ya damu isiyo na jina, tarehe na saa haipimwi, inatupwa. Hatumwambii daktari "niamini tu, ni ya mgonjwa wa kitanda cha nne." Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilishasema, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya 2007, kwamba kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha nani alikikamata, nani alikitunza na nani alikipokea. Kwa nini dumu la gongo lidaiwe kidogo kuliko kichupa changu cha damu?

Wapo watakaosema nawatetea wauza sumu. Hapana. Ushahidi wa pua unamfunga mama wa kibanda na kumwacha aliyemletea methanoli kwa mapipa, kwa sababu bila kipimo hakuna anayeuliza sumu ilitoka wapi.

Wengine watasema maabara ziko mbali. Sawa. Sampuli ndogo mbili zifungwe kwa lakiri mbele ya mtuhumiwa na shahidi huru, asaini. Moja iende kwa Mkemia wa Serikali, moja ibaki. Zinazobaki zimwagwe kwa amri ya hakimu, hadharani, zisirudi mtaani. Na hospitali ikipokea wagonjwa wa pombe, damu yao ichukuliwe mapema na kumbukumbu zitunzwe, maana wengi wao hawatafika mahakamani kusimulia.

Naomba kuwasilisha.